Wanaomlilia Mke wa Wagdi

...na sasa analia, eti analia, kamasi na machozi, Inshirah anamtazama kwa pembe ya jicho, wifi yake huyu Bahija, mtu mzima mwenye wajukuu, anamlilia mke wa Wagdi, mwanamke wa kwenye tamthilia ambaye hajawahi kuzaliwa, aliyetungwa na mtu fulani aliyejikalia zake mkahawani na shisha yake, na huku analia mkono mmoja hautoki kwenye sahani ya katayif, zile chapati tamu za Ramadhani, anachagua zenye lozi, zile za malai anaziruka, loo, huzuni inayojua kuchagua, na matangazo ndiyo kwanza yameanza, matangazo ya Ramadhani, unaweza kubeba mimba na kujifungua hayajaisha, sasa hivi wanauza majumba yenye mabwawa ya kuogelea, nani hapa Shubra atanunua bwawa, maji yenyewe ya bomba yanapanda ghorofani yakitaka, na Hanadi, mwanawe Inshirah, amekaa chini kwenye zulia, mgongo kaegemeza kwenye kochi, simu mkononi, anawasomea maoni ya watazamaji kama afanyavyo kila siku baada ya futari, maana siku hizi haitoshi kuangalia, lazima ujue na wenzako wameangaliaje, wamelia wapi, wamecheka wapi, ili na wewe ulie papo hapo usije ukaonekana mshamba.

Na leo wamepata cha kuwashughulisha, leo Wagdi kawavuruga, huyo Wagdi ni karani wa posta aliyefiwa na mkewe, basi kila siku anakwenda kwenye matanga ya watu asiowajua, anaketi hemani, anakunywa kahawa yao, anawaambia wafiwa maneno ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyasema, na watu wanacheka, halafu dakika ile ile wanalia, leo wakaonyesha tanga la mkewe mwenyewe, msomaji wa Kurani yupo katikati ya aya, Wagdi kaletewa kahawa chungu kama inavyoletwa kwenye kila tanga tangu dunia iumbwe, kaonja, kamwita mhudumu kwa sauti, kamwomba sukari, sukari, kwenye tanga la mkewe... nchi nzima imesimama, Hanadi anasoma, bwana mmoja anasema wahusika wote washitakiwe kwa kutukana mila zetu, bwana gani huyo, angalia picha yake, kavaa miwani ya jua ndani ya gari, ndiye mlinzi wa mila, mwanamke wa Mansura anasema amecheka mpaka mumewe akamtupia mto, hongera, una mume wa kukutupia mto, mwingine anasema ameelewa uchungu wa Wagdi kwa kuwa yeye amefiwa na paka, Bahija hapo anaitikia maskini, maskini wa nani, wa paka, na mwingine anawashukuru waigizaji, eti leo wamemkumbusha baba yake, kwani ulikuwa umemsahau, binti, mpaka ukumbushwe kati ya tangazo la samli na tangazo la simu... Inshirah anasonya ndani kwa ndani, hao wote, maelfu kwa maelfu, wakiambiwa jirani amefiwa wanauliza kwanza kama lifti inafanya kazi, wanakuja, wanaketi, wanatazama mapazia, wanamwambia mfiwa usilie, Mungu ndiye ametaka, akiacha kulia wanamwita jiwe, na wakirudi kwao wanafungua televisheni walie vizuri.

Jiwe ndivyo walivyomwita, alisikia, mwezi wa Rajab, mumewe Mahrus hajapoa kaburini, wanaume wako chini hemani, wanawake wamejaa hapa hapa sebuleni, Bahija kwenye kochi hili hili, na yeye jikoni peke yake anasema jamani acheni, kahawa nitapika mwenyewe, alitaka mikono iwe na kazi, na mikono ikafanya kazi yake ya siku zote, ikachukua kibirika cha shaba cha Mahrus, ikatia kahawa, ikatia vijiko vya sukari vilivyojaa, maana Mahrus alikuwa mtu wa sukari, daktari alimkataza akabadilisha daktari, mikono ikakoroga, ikangoja povu, ikamimina, na Inshirah mwenyewe hakuwepo hapo, Inshirah alikuwa anasikiliza kama Mahrus anakohoa chumbani, akabeba sinia akaingia nalo, na Bahija ndiye aliyeonja wa kwanza, akakirudisha kikombe kwenye kisahani taratibu ili kila mtu aone, akasema, wifi, kahawa ina sukari, kuna harusi? Na zikaanza zile sauti za kooni za wanaojizuia kucheka... lakini Bahija ni Bahija, mdomo wake tangu ujana ni wa kuchoma watu, ungemuuma siku mbili akapona, aliyemuumiza siyo Bahija. Ni Hanadi. Hanadi aliyetua asubuhi ile kutoka Kuwait, macho yamevimba, akainuka, akamnyang'anya sinia mbele ya wanawake wote, akasema, "Mama, unafurahia nini?" Kisha akaenda nalo jikoni, vikombe vikamwagwa kimoja kimoja kwenye sinki, na Inshirah amekaa anavisikia. Tangu siku hiyo hajatoa chozi, lilikauka pale pale, na tangu siku hiyo wanazungumza, kwa nini wasizungumze, nipe chumvi, mlango umefungwa, pasi iko wapi, Ramadhani nzima iko hivyo, na baada ya Idi, Jumamosi, Hanadi anarudi kwa mumewe, na Inshirah yuko edani, uwanja wa ndege haendi, wataagana hapo mlangoni, na ameshajipanga, atampa shavu, atasema safari njema, basi, hatamuuliza kitu, na asiulizwe kitu.

Hanadi anasogeza kidole kwenye kioo, anarudi nyuma, anasogeza tena, Bahija anamhimiza, msomee basi shangazi yako, usituache njiani, na Hanadi anakohoa kidogo, anasema kuna huyu hapa, hakuandika jina lake, anasema msimcheke Wagdi, anasema... na anasoma, sauti imeshuka, haipandi wala haikimbii kama kwa yule wa paka, "Siku ya tanga la baba, mama yangu alitia sukari kwenye kahawa. Nilimwaibisha mbele ya watu. Nilipokwenda kuosha vyombo nikakuta kibirika alichotumia ni kile cha baba, sukari imeganda chini kama baba alivyokuwa akiipenda. Nikajua alikuwa anampikia yeye. Nilikaa chini jikoni nikalia, kisha nikatoka nikajifanya sijaona kitu. Mpaka leo sijamwambia."

Watoto wagonjwa wanaimba kwenye televisheni, tangazo la kuichangia hospitali, Inshirah anaitazama midomo yao, hasikii, aliosha vyombo, ndiyo, aliosha yeye, nilidhani anaosha kwa hasira, alijua, miezi yote hii alijua, akaja kuwaambia hawa, mwenye miwani ya jua, mwenye paka, akawapa wao kitu changu, amewapa bure, watu asiowajua, na mimi niko hapa, goti langu linagusa bega lake... goti linagusa bega lake, tangu lini, na bega haliondoki, limekazana, kumbe anasubiri, kumbe kila siku baada ya futari ndiyo maana anasoma, anasoma ujinga wa nchi nzima akitafuta pa kulipenyeza hili, na mimi nimekaa juu hapa nawadharau watu waliolia kwenye simu, na wewe, Inshirah, mdomo huo unao, umeufanyia nini kingine zaidi ya chumvi na pasi?

"Maskini mama wa watu," anasema Bahija, na Mungu ni shahidi, machozi yanamtoka upya, anajipangusa na ncha ya mtandio, anasema waliomcheka mama huyo hawana utu, hawana dini, yeye angekuwepo angewatoa nje mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu Rajab Inshirah anataka kucheka, kucheka kweli, kwa tumbo.

Hanadi hajageuka. Anasema, bado anaitazama simu, kwamba watu wengi wamemjibu, wanamwambia azungumze na mama yake usiku huu huu.

"Si aseme tu," anasema Bahija, "anangoja nini?"

"Anaogopa," anasema Hanadi. "Anaona mama yake hatamjibu."

Katayif zenye lozi zimekwisha, Bahija sasa ameanza zile za malai, kwenye televisheni mabwawa yamerudi, maji ya buluu na mtoto anaruka, Wagdi yuko huko nyuma bado anangoja sukari yake, na Inshirah anasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, mbovu, imekwaruza kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Mwandikie," anasema. "Mwandikie mama yake amesikia."

"Wewe umejuaje?" anauliza Bahija, mdomo umejaa.