Upande wa Kulia wa Jiwe

Radojka alikuwa amepona saratani ya titi tangu miaka miwili iliyopita, na katika miaka hiyo hakulala usingizi wa maana. Kila kikohozi kwake kilikuwa habari mbaya. Kesho alitakiwa hospitalini kwa kipimo, na moyoni alishaamua haendi. Mumewe Vidoje hakuambiwa.

Leo walikuwa mjini kwa mshauri wa wanandoa, binti mpole ambaye Vidoje alimkubali kwa sababu tu ya kahawa yake nzuri.

“Kila mmoja aseme jambo moja alilomficha mwenzake,” mshauri akasema.

Radojka akaona heri apasue jipu.

“Nimejichongeshea jiwe la kaburi. Liko makaburini tangu Machi. Jina langu na mwaka wa kuzaliwa, basi.”

Kijijini kwao si ajabu mtu kusimamisha jiwe lake angali hai, lakini mke na mume huchongwa pamoja. Kujichonga peke yako ni kumwambia mwenzio atafute pengine pa kulala. Na hilo ndilo alilotaka: akifa, Vidoje awe huru, aoe tena.

“Najua,” Vidoje akasema.

“Unajua nini wewe?”

“Yule mchonga mawe ana kifua cha kuweka siri? Nilimfuata Aprili. Nenda ukaone mwenyewe.”

Wakatoka hapo moja kwa moja hadi makaburini. Upande wa kulia wa jiwe palikuwa na jina la Vidoje, mwaka wake, kistari, kisha nafasi tupu. Na picha yake ya kuchongwa.

“Nywele hizo umezitoa wapi, mzee?”

“Nilimwomba aniongezee kidogo.”

Radojka alicheka, kisha akaikumbuka ile Aprili. Miezi sita mtu huyu amemwamsha kwa kahawa, amemgombeza kwa kuacha taa zinawaka, kumbe ameshajilaza ardhini kando yake! Radojka aliingiwa na kicho. Miaka thelathini ya ndoa, na hakuwahi kujua ameolewa na mtu mkubwa kiasi hiki.

“Mbona hukusema?”

“Ungelia, nami ningelia. Mbuzi angewakamua nani?”

“Kesho nina kipimo saa mbili,” akasema. “Nilikuwa siendi.”

Vidoje alipangusa vumbi juu ya jiwe.

“Tutoke saa kumi na mbili,” akasema, na sauti ikamtetemeka. Hapo Radojka akajua kwamba naye anaogopa, pengine kumshinda yeye. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, akaufunika kwa yake yote miwili.