Upande wa Lusia

Hapakuwa na gari jingine la namna ile mjini Shinyanga, na Mwalimu Marselino alilijua hilo bila kuambiwa na mtu. Mbele lilikuwa Moris ya kawaida, gari dogo la Waingereza, bati la kijani na taa mbili za mviringo; lakini kuanzia nyuma ya milango, mwili wake ulishikwa na fremu ya mbao za Ulaya, mihimili ya rangi ya asali iliyoungwa kwa ustadi kama kabati la sebuleni. Alilinunua kwa meneja wa kiwanda cha pamba aliyekuwa akirejea kwao, na tangu hapo wakazeeka pamoja, yeye na gari, hadi alipostaafu ualimu mkuu.

Kila alipoliegesha karibu na soko, watu walilizunguka. Vijana waliotoka Geita na fedha za dhahabu walishuka kwenye magari yao makubwa yenye viyoyozi, wakapiga picha, kisha wakapitisha viganja juu ya zile mbao polepole, kwa namna ambayo hawakuyagusa magari yao wenyewe.

"Shikamoo Mwalimu!" alipaza sauti siku moja mwendesha bodaboda. "Leo unalipeleka gereji au kwa seremala?"

"Marahaba. Nalipeleka kwa watu wenye adabu. Ndiyo maana halijasimama kwako."

Wenzake walicheka hadi wakapigiana makofi. Mwalimu hakucheka. Alifunga mlango, akanyoosha koti, akaondoka zake.

Siku hiyo kweli alikuwa akilipeleka kwa seremala. Abdulshakur alikuwa na karakana yake upande wa pili wa reli, na ndiye pekee ambaye Mwalimu alimruhusu kulisogelea gari lile akiwa na chombo cha chuma mkononi. Fundi alilizunguka, akagonga hapa na pale kwa kidole, kisha akachuchumaa upande wa kushoto na kusukuma bisibisi kwenye mhimili wa chini. Ikazama kama inayochoma kiazi kilichochemshwa.

"Mwalimu," alisema, "upande wa kulia, mashallah, ni bwana harusi. Huu wa kushoto umeshakuwa uji."

"Tumia lugha ya heshima, fundi."

"Samahani. Umeoza. Vanishi imepasuka, maji yanaingia. Nikwangue yote, nikate huu mhimili, niweke mninga. Mvua za kwanza zikilikuta hivi, ubavu mzima utang'oka barabarani."

"Upande huo hauguswi."

"Na nani?"

"Na mtu yeyote."

Abdulshakur aliifuta bisibisi kwenye suruali yake. "Basi mimi sina kazi hapa. Ila wingu halitakuuliza wewe, Mwalimu."

Aliendesha hadi nyumbani Ibadakuli kwa mwendo wa polepole, akisikia ubavu wa kushoto ukilia kila tairi lilipoingia shimoni. Uani aliliegesha kama ilivyokuwa desturi, pua ikielekea getini kaskazini, kisha akaketi kibarazani. Nyumba ilikuwa kimya. Ilikuwa kimya tangu mkewe Lusia alipofariki, mwaka juzi.

Kila kiangazi, pamba ikishauzwa na vumbi likiwa limetulia, wao wawili walikuwa na kazi moja. Alasiri, baada ya shule, walipiga msasa mbao zote na kuzipaka vanishi upya. Mwalimu alishika upande wa kulia, upande wa dereva. Lusia alishika wa kushoto, alikokaa yeye wakisafiri. Hakuna aliyevuka mpaka. Hawakuzungumza sana, sauti ya msasa ilitosha. Mwalimu alikuwa akimaliza mapema, akisimama na kuuliza kutoka upande wake, "Bado tu, Mama Edson?" Naye alijibu, "Bado kidogo."

Siku ya kuanua matanga, ndugu zake Lusia walikuja kutoka Ushirombo, na kama ilivyo desturi, vitu vya marehemu viligawanywa. Vitenge, masufuria, cherehani, hata kandambili. Mwalimu alisimama wima mlangoni, akavikabidhi vyote kwa mikono miwili, wala hakuficha kijiko. Ndivyo alivyolelewa. Walipoondoka, nyumba haikubakiwa na kitu ambacho mkono wa Lusia ulikifanya.

Kumbe kilibaki kimoja. Kiangazi kilichofuata alipaka vanishi upande wake, akafika kwenye mlango wa nyuma, brashi ikagoma kuvuka. Vanishi ya kushoto ilikuwa ya Lusia. Tone moja lililoteleza na kukauka karibu na dirisha lilikuwa lake. Unywele wa brashi uliogandia humo ulikuwa wake. Na chini kidogo, pale alipogusa ili kuona kama imekauka, palikuwa na alama ya kidole, mistari yote ikionekana. Kukwangua huko ilikuwa ni kumfuta. Na kutokukwangua ilikuwa ni kuliua gari alilolipenda.

Simu ililia. Alikuwa Edson, mwanawe, aliyekuwa na mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Geita.

"Baba, kuna mwenye machimbo hapa amelizimia lile gari. Anataka kuliweka mbele ya hoteli yake."

"Haliuzwi."

"Hamia basi huku kwetu. Unakaa peke yako na gari la mbao, Baba, mtu akuelewe vipi?"

"Sikuomba kueleweka. Wasalimie watoto."

Mawingu yalianza kukusanyika juma lile. Mwalimu alifunika ubavu wa kushoto kwa turubai, akajua kwamba anajidanganya. Hatimaye aliketi, akavaa miwani, akampigia Nyamizi, mdogo wake Lusia. Walikuwa hawajazungumza tangu siku ile ya matanga.

"Shikamoo shemeji! Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Kuna kitu cha dada yako ambacho sikuwakabidhi."

"Kitu gani hicho?"

"Vanishi. Ya upande wa kushoto wa gari."

Nyamizi alicheka, cheko refu la mtu anayengoja mwenzake naye acheke. Alipoona hakuna anayecheka, akanyamaza. Mwalimu alimweleza kwa ufupi, kama anayetoa taarifa mbele ya bodi ya shule: mbao zimeoza, fundi anataka kukwangua, naye haoni kama ana haki.

"Shemeji," Nyamizi alisema, "mbao ni zako. Vanishi ni ya dada, kwa hiyo ni yetu. Siyo?"

"Ndivyo ninavyoona."

"Basi nimeipokea. Na kwa kuwa ni yangu, nakuagiza: ikwangue. Na usimpe fundi. Ikwangue wewe."

"Nimesikia."

"Ukimaliza, uje nalo Ushirombo tulione. Watu wanaliulizia lile gari kuliko wanavyokuulizia wewe."

Kesho yake alasiri alikunja mikono ya shati, akachukua kigoda na msasa, akavuka kwenda kushoto. Alianza juu, akateremka. Vanishi ilitoka kwa unga wa kahawia uliomjaa kwenye nyusi. Alipofika kwenye ile alama, mkono ulisimama. Akaweka kidole chake juu yake. Kilikuwa kinene mno, kikaifunika yote. Kisha akapitisha msasa, mara moja, mara ya pili, na mbao ikabaki mbao.

Hapo ndipo alipoinua uso, na jua likampiga machoni.

Alijikinga kwa kiganja. Jua la alasiri lilikuwa limeshuka upande ule wa magharibi, kali, likimmulika moja kwa moja pale kigodani. Aligeuka akatazama ng'ambo ya gari, upande wake wa siku zote. Kulikuwa na kivuli. Kivuli cha gari lenyewe, kipana, kimetulia juu ya udongo. Huko ndiko alikokuwa akiketi yeye miaka yote, Lusia akiwa huku juani, akimaliza mapema, akiuliza kama bado.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Ingekuwa kazi ya dakika moja kuligeuza gari, pua ikaelekea nyumba, na kivuli kikaja kushoto. Miaka yote ile ingekuwa kazi ya dakika moja.

Hakuligeuza. Alivuta kigoda karibu zaidi, machozi yakimtoka kwa mwanga, akaendelea na mhimili uliofuata.