Kadi Iliyolazwa Kifudifudi

Bosi wangu Mazin alikuwa na gari jeusi, refu, ambalo likisimama mlangoni jirani hukosa mwanga sebuleni. Hakuogopa polisi, hakuogopa mwendo wa kasi, hakuogopa hata jua la adhuhuri. Lakini kadi moja ya plastiki, ndogo kama kiganja, ilimtoa jasho.

Kadi yenyewe ilikuwa ya mamake. Bibi alipigwa na kiharusi, miguu ikagoma, akapewa kadi ya kuwekwa mbele ya gari, penye kioo, ili gari liweze kusimama kwenye nafasi za walemavu. Ilikuwa na alama ya kiti cha magurudumu na chini yake jina kwa herufi kubwa: Mwanamvua Hamadi. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Bosi alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaoweza kukutajia bei ya gari lao na maradhi ya tumbo lao, ila jina la mama halitoki mdomoni mbele ya wanaume wenzao. Halafu jina hili lilikuwa na kosa la pili. Lilisema lilikotoka. Bibi alizaliwa Unguja, akavuka na wazazi wake mwaka wa sitini na nne akiwa kigoli. Mazin alizaliwa Jeddah, na wenzake wa kazini alikuwa amewaambia kwamba ukoo wao ni wa Hijazi tangu dunia iumbwe. Mamake akimsemesha Kiswahili alijibu kwa Kiarabu, tena kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutwa kavaa kanzu nje ndani.

Mimi niliacha shule darasa la sita, na mwaka wa 2017 nikaletwa Jeddah kumtunza Bibi nyumbani kwao, mtaa wa Aziziya. Kutwa tulikuwa tukiongea, yeye kwa Kiunguja chake, mimi kwa Kiswahili cha Kitui ambacho alikicheka hadi kukohoa. Mbele za watu mimi si msemaji. Hata nikiitwa kwa jina, kwanza natazama kama kuna Winfred mwingine nyuma yangu.

Basi siku moja tulisafiri kwenda Riyadh, Bibi akaonwe na daktari wa miguu mtaa wa Olaya. Bosi aliendesha. Mbele pamoja naye alikaa mkewe, madam Samia, ambaye hakuja kwa ajili ya miguu ya mtu bali kwa ajili ya maduka. Nyuma tulikaa Bibi na mimi.

Tulipofika, nafasi ya walemavu ilikuwa wazi mlangoni kabisa pa jengo la daktari. Bosi akaingia. Mimi nikatoa kadi kwenye mkoba wa Bibi, maana kuibeba ilikuwa kazi yangu, nikanyoosha mkono katikati ya viti na kuiweka mbele kwenye kioo, jina likitazama nje. Bosi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaichukua, akailaza kifudifudi, kisha akaweka boksi la tishu juu yake.

"We Mazin," Bibi akasema, "waficha nini hapo?"

"Mama, ofisi yetu ya Riyadh iko jengo la pili. Watu wa kazini wanapita hapa."

"Kwani wakipita wataniposa?"

Madam Samia akacheka puani. Bosi hakucheka. Alitaka tushuke. "Yalla, Winfred, yalla."

Tuliporudi tulikuta karatasi ya faini imebanwa chini ya waipa. Gari limesimama nafasi ya walemavu bila kuonyesha kibali. Bosi aliisoma mara nyingi, ungedhani ni ndefu. Pesa haikuwa shida. Alikuwa mtu wa kuchoma udi wa bei kubwa ili afukuze harufu ya samaki. Kilichomchoma ni kwamba aliyeandikiwa faini ni yeye. Watu kama bosi huamini kwamba faini ni za madereva wa teksi.

"Nitakata rufaa," akasema.

"Utawaambia nini?" madam akauliza.

Wote wawili, kama watu waliokubaliana tangu zamani, wakageuza shingo na kunitazama mimi.

"Kadi hubebwa na nani?" madam akasema. "Si yeye? Basi alisahau kuiweka. Kesho tunaenda naye, aseme mwenyewe mbele ya afisa."

"Na akishasema," bosi akaongeza, "itajulikana kwamba kosa si la mwenye gari."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kutajwa kwamba nimesahau si kifo. Lakini jioni, kwenye fleti tuliyofikia, nikiwa napiga pasi abaya ya madam, nilimsikia kwenye simu akiongea na ofisi ya wakala aliyenileta. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini hayo maneno ni ya jikoni vilevile. Alisema msichana ni mzembe. Amesahau kibali cha mgonjwa, na atakiri hivyo mbele ya serikali. Alitaka wambadilishe, wamletee mwingine.

Kila msichana wa Kenya aliyekuwa kule anajua maana ya kurudishwa ofisini. Unawekwa chumba kimoja na waliorudishwa wenzako, mnangoja kama vyombo vilivyorudishwa dukani, hadi aje mtu mwingine akuchague. Hujui nyumba, hujui mji, hujui ni watu gani. Na Bibi angeletewa mtu ambaye hawawezi kuulizana hata kama chai ina sukari.

Nilimwambia Bibi wakati wa kumlaza.

"Sasa wewe kesho utasemaje?"

"Sijui, Bibi. Mimi na kusema..."

"Mie sikwambii useme nini. Ila uongo ukishausema mbele ya askari, mwanangu, unarudi nao nyumbani. Unakuwa wako."

Asubuhi tulikwenda ofisi ya trafiki. Bosi alikuwa amejipulizia manukato ya kutosha arusi mbili. Bibi alipelekwa kwa kiti chake, kwa sababu rufaa ya kibali bila mwenye kibali ingeonekana ya ajabu. Afisa alikuwa mzee kidogo, ana gilasi ya chai ambayo ilimpendeza kuliko sisi. Wanaume wengine walikuwa wamekaa kwenye viti nyuma yetu, wakingoja zamu.

Bosi akaeleza kwa Kiarabu kizuri, na mikono yake yote miwili ikieleza pia. Mama ni mgonjwa. Kibali kipo. Ila mfanyakazi, unajua tena hawa wafanyakazi, alisahau kukiweka.

Afisa akaomba kadi. Bosi akampa huku ameifunika kwa vidole. Afisa akaivuta, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayeita mgonjwa hospitalini: "Mwanamvua Hamadi."

Bosi akafumba macho. Niligeuka nikatazama wale wanaume. Mmoja alikuwa anasugua simu yake. Wa pili alikuwa amelala. Wa tatu alikuwa anachokoa sikio, na hakuacha. Hilo ndilo jina lililokuwa limelazwa kifudifudi mtaa mzima wa Olaya, na hakuna aliyelitaka hata bure.

"Ni wewe uliyesahau?" afisa akaniuliza.

Nikatazama nyuma yangu, kama kawaida yangu. Bosi akasema, "Ana haya, lakini ndiyo, ni yeye."

"Nimemuuliza yeye."

Nilitazama sakafu. Nikasema, "La. Niliiweka. Yeye akaifunika kwa tishu."

Hayo yote. Maneno ya jikoni.

Afisa akamtazama bosi. "Uliifunika?"

"Ni jua," bosi akasema. "Jua linafubaza maandishi."

"Basi iweke sandukuni nyumbani, haitafubaa kabisa," afisa akasema. "Na gari liweke mbali. Rufaa imekataliwa. Anayefuata!"

Bibi alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yakimruka.

Safari ya kurudi Jeddah ilikuwa ndefu na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa madam, na yeye alimfungulia wakala, kwenye simu. "Leo hii," alimwambia. "Mzembe, tena mwongo. Tukifika tu, njoo umchukue."

Tulifika Aziziya watu wakitoka kuswali Isha. Majirani walikuwa barabarani makundi makundi, kanzu nyeupe kila mahali. Bosi akasimamisha gari mlangoni, akafungua mlango wa nyuma.

"Winfred, mshushe Bibi. Halafu ukafunge mizigo yako."

"Mie sishuki," Bibi akasema.

"Mama."

"Kama huyu anarudishwa ofisini, mie nakaa humu humu. Mtaniletea uji garini."

"Mama, watu wanatazama."

"Wangapi?" Akainua shingo. "Ah, si wengi. Ngoja waongezeke."

Kisha akashusha kioo cha upande wake na kuanza kuwaamkia. Kwa Kiswahili! Kwa sauti ambayo kiharusi hakikuigusa. "Shekhe wee! Hamjambo huko? Njooni mumwone mwanangu, kichwa maji huyu, nilimzaa mie mwenyewe, mie binti wa Unguja!" Halafu akarudia kwa Kiarabu, kwa lafudhi ya Unguja tupu, asije mtu akakosa. Mzee mmoja akasimama. Vijana wawili wakasimama nyuma ya mzee. Bosi akajaribu kupandisha kioo kwa swichi ya mbele, Bibi akatoa mkono nje, akawa anapunga.

Madam Samia alikuwa ameshafika ngazini, simu sikioni. Yule wakala alikuwa anaita "Madam? Madam?" hadi mimi nikamsikia. Madam alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama kanzu za majirani.

"Halas," akasema bosi kwa Kiarabu. "Abaki."

"Sikusikia," akasema Bibi. "Sema kwa lugha ninayoielewa."

Mtu mzima yule, mwenye gari lile, akatazama kulia, akatazama kushoto. Yule mzee alikuwa ameshafika kwenye bampa, anauliza kama kuna mgonjwa anahitaji msaada.

"Atabaki," bosi akasema. Kwa Kiswahili. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akikisema, na kilikuwa Kiswahili safi, kumbe alikuwa nacho chote.

Madam akakata simu.

"Haya," Bibi akaniambia, akirudisha mkono ndani, "nishushe, mwanangu, nshachoka na kiti hiki." Nikamkumbatia chini ya makwapa kama kila siku. Mzee wa kanzu alitoa salamu, Bibi akaitikia, wakaulizana habari za watoto. Bosi akashika kitasa cha mlango akitusubiri tupite, uso umemwiva, na hakuna hata jirani mmoja aliyekuwa anamtazama.