Injini ya Kumrudisha Mama

Wendelini alilipenda lile gari kabla hata hajalizunguka, na mnunuzi akishafika hapo, basi, amekwisha. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya karakana ya Othmar pale Mbinga: la kijani, milango miwili, boneti refu, paa limeinama kwa nyuma kama linalojiandaa kuruka. Mwenyewe, Mwingereza mmoja mpima ardhi, alikuwa amehamishwa ghafla akamwachia fundi aliuze. Wendelini alijifunza udereva jeshini wakati wa vita, akiendesha malori ya mizigo huko Burma, na tangu siku hizo alikuwa amejiapiza kwamba iko siku ataendesha gari lisilobeba gunia hata moja. Sasa kahawa ilikuwa imelipa vizuri na fedha ilikuwapo.

Watu wa Litembo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkulima mzima, mwenye ukoo uliojaza mlima, ananunua gari la viti viwili! Mkewe, Kunigunda, alimuuliza swali moja tu.

"Na hicho kiti cha pili ni cha nani?"

"Cha mama," akajibu Wendelini, wala hakuwa anatania.

Mama yake, Theodosia, alikuwa Mnyasa wa ufukweni, jirani na Mbamba Bay. Alipanda milimani kwa miguu akiwa mwali wa kuolewa, akajifunza Kimatengo, akajifunza kulima ngolo, yale mashimo yanayozuia udongo wa mlimani usiporomoke, akazaa na kuzika huku huku. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Magoti yalimsumbua, na kila alipoomba kupelekwa kwao akamwone dada yake Otilia, Wendelini alimjibu kwamba mvua ni nyingi, barabara imekatika, lori limejaa. Mengine yalikuwa kweli. Lakini hasa hasa aliogopa kwamba mama akishashuka, hatapanda tena. Gari lingemmalizia visingizio vyote, kwa hiyo alitaka gari la kumpeleka na kumrudisha.

Hapo ndipo ikaja habari ya injini. Ndani ya boneti refu mlikuwa na injini ndogo ya silinda nne, na juu ya magogo, kwenye kona ya karakana, ilikaa nyingine ya silinda sita, iliyotolewa kwenye gari la aina hiyo hiyo lililopinduka. Othmar alikuwa tayari kufunga ile ambayo mteja angeitaka.

"Hii ndogo ni nzima na inakunywa kidogo," alisema Othmar. "Hii kubwa ina nguvu, ila ni nzito, itabidi nikubadilishie springi za mbele, na petroli utakuwa unainunua kila ukigeuka. Twende ukaijaribu ndogo kwanza."

Wakaenda. Kwenye tambarare gari liliteleza vizuri, na Wendelini akawa anatabasamu peke yake. Walipofika kwenye mwinuko mkali wa njia ya Litembo, akatia gia ya kwanza, injini ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Akajaribu tena, ikazima tena. Othmar akashuka, akafunga mlango.

"Sasa panda peke yako."

Likapanda mpaka juu, polepole lakini bila kusimama.

"Umeona mwenyewe," alisema Othmar alipofika juu akihema. "Kushuka, hata mkiwa wawili haina neno. Kupanda, ni dereva tu. Ukitaka kupanda na mtu, chukua kubwa."

Kwa Wamatengo jambo la namna hii halimalizwi na mtu na mkewe. Jioni wanaume wa ukoo hula pamoja, kila jiko likileta chakula chake, na kati ya tonge na tonge mambo ya nyumba huamuliwa. Baraza hilo huitwa sengu. Wanawake hupika, lakini hawakai. Mkubwa wa sengu ile alikuwa Mansuetus, mdogo wa marehemu baba yake Wendelini, mtu wa maneno machache yasiyojadiliwa.

Siku hiyo lakini kila mtu aligeuka fundi. Flaviani, binamu ambaye safari zake zote za magari alizifanya juu ya magunia, aliwaeleza wenzake namna pistoni inavyopumua. Mwingine alitaka kujua kama silinda sita zikichoka mbili zinabaki nne. Mansuetus akawaacha waseme, kisha akakata shauri.

"Chukua kubwa. Shemeji aende akawasalimu watu wake, halafu arudi. Mahali pake pa kulala pako pale, kando ya kaka yangu."

"Ndiyo, baba mdogo," akasema Wendelini, na moyo wake ukatulia, maana ndilo alilotaka kusikia.

Ndipo mtu mmoja akatazama vyakula na kuuliza: "Cha bibi kiko wapi?" Cha Theodosia hakikuwapo. Wote wakarudisha matonge, kwa sababu jiko lisiloleta chakula sengu, na mwenyewe ni mzima, limejitoa. Mansuetus akamtazama Wendelini, naye Wendelini akainuka.

Alimkuta mama yake ameketi kwenye kigoda, ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa la kwao, mbele yake, anakula taratibu.

"Mama, unakula peke yako?"

"Nilikuwa na njaa. Karibu, baba. Wameshachagua?"

"Kubwa."

"Ile ndogo haishuki?"

"Inashuka."

"Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

"Na kupanda?"

"Inapanda na mtu mmoja."

Theodosia akanawa mikono. "Basi hiyo ndogo ndiyo yangu."

Wendelini alikasirika. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini alipandisha sauti kama mtoto aliyenyimwa. Na kaburi la baba je? Na wajukuu? Watu watasema nini, kwamba amemfukuza mama yake?

Mama alimwacha amalize. "Baba yako nilimpenda," alisema. "Sikumwacha akiwa mzima, sikumwacha akiwa mgonjwa. Sasa hanihitaji. Otilia haoni tena, anapapasa kuta za nyumba yake mwenyewe. Nataka nimpikie. Nataka nikiamka nisalimiwe kwa Kinyasa, nisianze siku kwa kutafuta maneno ya watu. Nimekuomba, ukaniambia matope. Nimekuomba tena, ukaniambia lori. Gari la kunirudisha siliingii, mwanangu, hata ulipambe maua."

Wendelini alijua kwamba ni kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Miaka yote alikuwa anamjibu habari za matope mtu aliyekuwa anaomba kwenda nyumbani. Alitoka bila kuaga, akalala vibaya, na asubuhi akashuka Mbinga.

"Niachie hiyo hiyo ndogo," alimwambia Othmar.

"Utajuta mlimani, bwana."

"Najua."

Sengu ilipopata habari, Mansuetus alimwita bahili mbele ya vijana, na Wendelini akakubali kuwa bahili. Hakuwa na ujasiri wa kusema zaidi.

Wakashuka siku ya anga safi. Theodosia alikaa kwenye kile kiti cha pili amevaa kitenge kipya, ameshika mlango kwa mikono miwili, na kila kona waliyopita alikuwa anaitaja kwa jina la Kinyasa ambalo Wendelini hakupata kulisikia. Ziwa lilipoonekana chini, aliuachia mlango. Wendelini alimtazama akaona uso wa mtu asiyemfahamu vizuri, uso wa msichana wa watu.

Otilia alitoka kwa kupapasa, akamshika dada yake usoni, pua, masikio, akapiga kelele ambayo iliwaleta majirani. Ndugu wakajaa uani. Baada ya salamu mmoja wao, mtu wa makamo, akamgeukia Wendelini kwa adabu iliyokuwa na miiba: atamrudisha mama yake lini? Kwa maana mtoto anayemwacha mama yake mjane kwao, bila neno, huonekana amemtupa.

Theodosia akawahi. "Msimlaumu mwanangu. Gari lake hili halina nguvu za mlima. Kunishusha limeweza, kunipandisha haliwezi." Watu wakalitazama gari, wakacheka, mambo yakawa mepesi.

Wakati wa kuagana alimsogelea dirishani. "Na kule sengu waambie hivyo hivyo. Injini imeshindwa. Hakuna atakayeona aibu."

"Ndiyo, mama."

"Haya, nenda. Mlima usikukute na kiza."

Gari lilipanda. Wendelini alikuwa anaomba lizime, walau mara moja, apate sababu ya kugeuza, lakini lilipanda lote, na yeye alilia kuanzia kona ya kwanza mpaka ziwa likapotea.

Aliikuta sengu imeketi. Aliwaamkia wakubwa, akanawa, akakaa. Mansuetus akauliza: "Mama yuko wapi?"

Kabla hajafungua kinywa, Flaviani alikuwa ameshaanza kucheka. "Injini imegoma, sivyo? Si tulimwambia!" Na mwingine akasema haina shida, kesho wakodi lori wakamchukue. Uongo ulikuwa umewekwa mkononi mwake, umeandaliwa na mama mwenyewe. Lakini Wendelini aliona uongo huo unakokwenda. Injini ikishindwa, Theodosia bado ni wao. Lori litakwenda kumchukua, na kama si lori, basi siku akifa wataushusha ukoo mzima kwenda kuuchukua mwili.

"Injini haikushindwa, baba mdogo," alisema. "Sikujaribu kumpandisha. Nimempeleka mama kwao kwa sababu aliniomba, na nimemwacha huko kwa ridhaa yangu. Siku akifa, azikwe kwao."

Hakuna aliyegusa chakula. Wendelini akajiandaa kwa lolote.

"Nililetwa hapa sijaota meno yote," alisema Mansuetus. "Kaka alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Huyo mama yako ndiye aliyenilea." Kisha akaanza kulia mbele ya vijana, bila kuuficha uso, na Wendelini akamsogezea maji ya kunawa.