Msemaji wa Kitinda

Kitinda alipotimiza miaka kumi na minane, kliniki ya watoto ilimpa barua ya kuhamia kwa watu wazima. Sista aliyemjua tangu alipogunduliwa kuwa na kisukari, akiwa na miaka tisa, alimfinya shavu. "Umekua, mwanangu." Basi. Hata mlangoni hakumsindikiza.

Kwa watu wazima benchi lilijaa wazee, mmoja amekatwa mguu. Bibi mmoja alimkagua Kitinda juu mpaka chini.

"Na wewe, kwa umri huo, sukari umeitoa wapi? Soda hizo!"

"Mwambie, bibi," Mama alidakia. "Mimi nimeshachoka."

Mama alikuwa fundi cherehani. Miaka tisa yote ndiye aliyemdunga Kitinda sindano, asubuhi na jioni. Lakini miaka miwili ya mwisho sukari ilikataa kushuka, na Mama akakata shauri kwamba mtoto anakula vitamu kwa siri. Alimpekua begi la shule. Alimnusa mdomo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia mbele ya kaka zake. Kitinda aliapa mpaka akachoka kuapa.

Daktari alikuwa mwanamume mwembamba, macho kwenye karatasi. "Sindano unajidunga wapi?"

"Namdunga mimi," Mama alijibu.

"Unapima mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili. Lakini huyu, daktari, ni mwizi wa..."

"Mgonjwa ni nani hapa?" Daktari aliinua macho. "Ana mdomo, au amekuja na msemaji?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Kule kwa watoto tulikuwa tunaheshimiwa."

"Kule ni kule. Na wewe binti, usinitumbulie macho. Mtu mzima hujui kujidunga? Pandisha mkono wa blauzi."

Aliubonyeza mkono wa kushoto, akaubonyeza tena. Nyuma ya mkono, chini ya ngozi, palikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la njiwa.

"Panauma?"

"Hapaumi. Ndiyo maana Mama hunidunga hapo kila siku."

"Hapo alikuwa halii," Mama alisema.

"Mahali pamoja, miaka yote! Nyama imeota sugu. Dawa inakwama humo humo, haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Bora ungelidunga tofali. Kuanzia leo ni tumboni na mapajani, kwa kupokezana. Na dozi tunaipunguza kwanza, maana sasa itafanya kazi."

Masikio ya Kitinda yaliwaka moto. "Kwa hiyo si soda."

"Ulikula nini mimi sijui. Ila uvimbe huu peke yake unatosha kupandisha sukari."

"Ningejuaje mimi?" Mama alifoka. "Nani alinionyesha?"

"Ungeniamini," Kitinda alisema.

"Unanijibu mbele za watu?"

"Nakujibu. Na naomba utoke nje, Mama."

Mama alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Alitoka, na mlango ukagonga ukuta.

Kitinda alishika sindano ya dozi yake ya asubuhi, ambayo alikuwa hajadungwa bado. Mara mbili aliisogeza tumboni akairudisha, na mara zote mbili daktari alimkaripia. Hakumsaidia. Mara ya tatu ikaingia.

"Umeona? Haya, mwingine!" daktari aliita.

Wiki ile Mama alimwekea chakula bila neno. Majirani aliwaambia, "Wamenigeuzia mwanangu." Siku ya kumi, sukari iliyokuwa haishuki chini ya kumi na saba ilisoma tisa. Kitinda alikwenda akakiweka kipimo juu ya kitambaa alichokuwa anashona Mama.

Mama akakitazama, akakisukuma kando, akaendelea kutunga uzi.

"Hata pole, Mama?"

"Miaka tisa niliamka kabla ya jogoo kwa ajili yako. Pole yangu mimi iko wapi?"

Kitinda alikitwaa kipimo chake akatoka, hasira imemzidi. Kliniki iliyofuata alikwenda peke yake. Mama hakumuuliza atarudi saa ngapi.