Chale za Mama Nyamuoch

Wewe ulizipita. Usibishe, nilikuona. Karatasi za watu waliopotezana zimebandikwa ukutani hapa mtaani Hai Jalaba, fotokopi nyeusi-nyeupe, kila uso ni doa la wino lenye meno. Ukageuza shingo, ukasema wote wanafanana.

Mimi sisahau. Nakumbuka Desemba ya 2013, vita vilipozuka mjini humu, Mama Nyamuoch alipopotezana na binti yake Nyawech, mtoto wa miaka mitano. Mtoto alizoea kulala huku kidole kikipapasa chale za paji la mamake, nukta zilizopangwa kama shanga. Kwa hizo atamjua. Kwa jina hawezi. Mtoto wa umri ule humwita mamake mama tu.

Juzi Constantine, Mganda mwenye studio, alimpiga Mama picha ya kubandika, mbele ya shuka jeupe, kisha akailainisha kwenye kompyuta.

"Mama amekuwa kijana! Hata mimi naweza kuoa."

Mama akaisogeza karatasi mbali na macho. "De ma ana," akasema. Huyu si mimi.

Chale zote zilikuwa zimefutwa.

"Umemnyang'anya uso," nikamwambia Constantine.

"Mimi iko nafanya kazi hii miaka kumi. Wewe ulisomea wapi picha?"

"Sikusoma. Nimeharibu nyingi kuliko zako. Toa hilo shuka."

Kamera ikiona weupe mwingi hubana mwanga, na uso mweusi ndio huumia. Nikatundika blanketi la kijivu. Nikamketisha Mama kando ya mlango, mwanga umpige ubavuni, maana mwanga wa mbele hulaza kila kitu. Wa ubavuni huipa kila chale kivuli chake. Nikapima mwanga shavuni, si ukutani.

"Mama, usicheke."

"Nani amekwambia nina kicheko?"

Tukaichapisha vilevile, bila kulainisha, tukatoa fotokopi.

"Banange! Hata kwa fotokopi zinahesabika," Constantine akasema.

Mama akaigusa karatasi. "Ana," akasema. Mimi.

Imebandikwa leo asubuhi. Nyawech ni msichana mkubwa sasa. Huenda yuko kambini Gurei, huenda Kakuma, huenda ndiye anayekuuzia chai mtaani Atlabara. Toa simu. Ipige picha karatasi hiyo, umtumie kila msichana unayemjua aliyelelewa na watu baki. Usiniambie kesho. Tuma sasa hivi.