Njano ya Boga

Mwezi wa Ramadhani damu ya watu wa Tanga hubadilika rangi. Wenye kubisha na wabishe. Idarusi aliiona kwa macho yake. Alikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya mjini, na mwaka ule wa hamsini na sita kazi yake ilikuwa kuwapima damu wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakimeza vidonge vipya. Vidonge vyenyewe vilikuwa na baraka. Viliwatoa watu wodini, wakarudi makwao na nyama mashavuni. Ila mmoja mmoja vilimla ini, na ini likiliwa halipigi kelele. Mtu hushtukia macho yameshakuwa ya njano, na hapo mara nyingi kinachobaki ni kumsomea Yasini.

Ndiyo maana daktari alitaka damu kila wiki. Damu ikiachwa itulie katika kichupa chembamba, huganda chini, na maji yake hubaki juu. Ini likianza kuharibika, maji yale hupata njano ya nyongo kabla macho hayajaonyesha lolote. Idarusi aliyalinganisha na vichupa vya rangi vilivyopangwa mezani, na mgonjwa ambaye njano yake ilikolea alisimamishiwa vidonge.

Ramadhani ikaja na vurugu zake. Wagonjwa walikataa kuchomwa sindano mchana, wakihofia saumu zao, ikabidi watolewe damu baada ya kufuturu. Na futari ya Tanga bila boga la nazi ni futari gani? Basi mtu akishindilia boga siku nenda siku rudi, maji ya damu yake nayo hupata njano, na ini lake zima kabisa. Idarusi ndiye aliyeligundua hilo, na daktari akamsifu mbele za watu. Akavimba kichwa kidogo, tusifiche. Ilikuwapo dawa ya kukata shauri: tone lake huigeuza nyongo ikawa nyekundu, na njano ya boga haiigusi. Lakini dawa hiyo ilikuwa adimu, daktari akaifungia kabatini kwa ajili ya wenye kutiliwa shaka tu.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo dada yake, Mwanasiti, mjane wa Chumbageni, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimsomesha kwa vitumbua, asubuhi baada ya asubuhi, na pengine moshi wa jiko lile ndio uliomwanzishia hicho kifua. Alilala wodini mpaka majirani wakaacha kumwulizia. Vidonge ndivyo vilivyomrudisha nyumbani, na sasa kila magharibi ndugu hawa wawili walifuturu pamoja, sinia moja.

Jioni moja, zikiwa zimebaki siku chache mwezi kwisha, baada ya kula, Idarusi akamtoa damu pale pale mkekani. Asubuhi yake maji yalikuwa ya njano, tena yamekolea.

Alisimama dirishani ameinua kichupa. Akisema ana shaka, kabati litafunguliwa, na maji yakigeuka mekundu vidonge vitasimamishwa, na bila vidonge dada atarudi wodini kukohoa damu. Akalitazama kabati la daktari. Kisha akajiambia: boga si tulikula jana, bakuli zima, nami nilikuwapo? Akaandika kuwa ni futari, akaendelea na kichupa kingine.

"Shikamoo, dada," alisema jioni, akivua viatu mlangoni.

"Marahaba, mdogo wangu. Damu yasemaje?"

"Yasema upunguze boga!" Idarusi alicheka.

Mwanasiti alimtazama kidogo. "Ni boga tu?"

"Boga tu. Ulitaka iwe nini?"

"Haya. Alhamdulillahi."

Siku ya Idi, Idarusi alikwenda kumpa dada yake mkono wa Idi. Alimkuta uani, juani, si kwenye mwanga wa taa kama jioni zote za futari, amevaa kanga mpya, na macho yake yalikuwa ya njano. Idarusi hata kusema Idi njema hakusema. Alimpeleka hospitali kwa teksi, daktari akalifungua kabati, na tone moja tu likatosha. Maji ya damu yakawa mekundu.

Vidonge vilisimamishwa siku ile ile. Ini lilikuwa limekwisha. Daktari alimshika Idarusi bega akamwambia asijilaumu, kwani hata yeye angesema ni boga. Idarusi angependa zaidi apigwe kofi.

Alikaa kando ya kitanda. Dada alikuwa akisinzia, akizinduka, akisinzia tena. Alipozinduka na akili zake, Idarusi alimshika mkono.

"Nisamehe, dada. Nilidhani ni boga. Tulikuwa tukila pamoja, nikadhani..."

"Sikuwa nikila, Idarusi."

"Hukuwa ukila nini?"

"Sikuwa nikila. Toka katikati ya mwezi chakula kilikuwa chanikinai, hata harufu ya nazi siiwezi. Nilikuwa natia mkono siniani usije ukaniona. Lile boga weye ulilila peke yako."

"Sasa mbona hukusema? Siku ile nilipokwambia ni boga, mbona ulinyamaza?"

"Ulikuja wacheka," alisema Mwanasiti taratibu. "Na huku wodini sikutaka kurudi. Nikasema, mie nalijua tumbo langu tu, lakini mdogo wangu ameiona damu. Yeye ndiye ajuaye."

Idarusi alilia wazi wazi, wagonjwa wote wakimwona. Mwanasiti alimwacha alie, na alipotulia akamtazama usoni.

"Umekula lakini?"

"Nimekula, dada," alisema Idarusi, na tumboni hakuwa na kitu.

Mwanasiti alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, na Idarusi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.